Kusubu Fedha kwa Kiolezo cha Kuungua: Kazi Yenyewe na Maneno Yake

I. Utangulizi

Makala hii yakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza namna pambo la fedha liwezavyo kufanyizwa kwa kitu cha asili, kama vile mbegu, kokwa, tawi dogo au mdudu aliyekauka, hata pambo likatoka na kila mkunjo wa kitu kile. La pili ni kuyapima maneno tuliyo nayo katika Kiswahili kwa kazi hiyo, na kuonyesha ni yapi yafaayo, ni yapi yamelala, na ni lipi ambalo mimi mwenyewe nililitunga vibaya.

Naanza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, niliombwa kusaidia katika orodha ndogo ya istilahi za sanaa na ufundi. Katika orodha hiyo palikuwa na kazi ya kusubu ambayo Wafaransa huiita kwa maneno yenye maana ya "nta iliyopotea", na Waingereza wamewafuata. Mimi nami nikafuata. Nikaandika "usubuji wa nta iliyopotea", nikaridhika, orodha ikapita. Sikumwuliza fundi hata mmoja. Hukumu ya neno hilo nilikuja kuipata Ilomba, katika mji wa Mbeya, kwa kijana ambaye hakupata kuiona orodha hiyo. Habari zake zitafuata mahali pake.

II. Kufua na kusubu

Yatupasa kwanza kutenganisha kazi mbili ambazo lugha ya kila siku huzichanganya. Kufua ni kulifanyiza umbo kwa nyundo juu ya fuawe: metali hubaki kitu kigumu tangu mwanzo hata mwisho, ila hutiwa moto mara kwa mara ipate kulainika. Kusubu ni kuiyeyusha metali hata iwe kama maji, kisha kuimimina katika kalibu, ikapoa na kushika umbo la uwazi uliomo ndani. Neno kusubu asili yake ni Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kumimina. Na kalibu nayo ni ya Kiarabu, yenye maana ya umbo la kutilia kitu.

Kiswahili humwita fundi wa fedha mfua fedha, wala si msubu fedha. Jambo hili si la bahati. Sehemu kubwa ya mapambo ya kale ya pwani ilikuwa kazi ya nyundo: kekee, ambayo ni bangili pana ya bapa, mitali ya miguuni, majasi na vipuli vya masikioni, mikufu na vidani vilivyolehemiwa kiungo kwa kiungo. Fedha yake mara nyingi ilikuwa reale, yaani sarafu ya malkia Maria Theresa yenye tarehe ya 1780, ambayo iliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ile ile muda mrefu baada ya kifo chake. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 na zaidi kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo sehemu 833 zilikuwa fedha. Mfua fedha aliyepewa reale kumi alijua hasa amepewa nini.

Hata hivyo kusubu hakukuwa kugeni pwani. Simba mdogo wa shaba nyeusi aliyefukuliwa Shanga, katika visiwa vya Lamu, na ambaye umri wake wakadiriwa kuwa yapata miaka 900, alisubiwa kwa kiolezo cha nta. Siwa ya shaba ya Lamu nayo ni kazi ya kusubu. Tena siwa hiyo yatuhusu kwa sababu nyingine: ni baragumu la metali lililochukua umbo la pembe ya ndovu. Fundi alitaka shaba iseme kwa umbo la kitu kilichoota katika mwili wa mnyama. Nayo lugha hufanya vivyo hivyo kwa njia yake: furungu ni tunda la mfurungu, na furungu ni pambo nene la fedha livaliwalo mguuni. Kwa hiyo wazo la kupeleka umbo la asili katika metali si geni kwa Waswahili.

III. Habari za nchi za mbali

Wako mafundi waliokwenda mbele zaidi, wakaacha kuiga kitu cha asili na kukitumia chenyewe. Waakan wa nchi iitwayo leo Ghana walikuwa na mawe ya mizani ya shaba kwa kupimia vumbi la dhahabu, nayo yalitumika kwa karne nyingi hata mwisho wa karne ya 19. Mengi yao yalisubiwa kwa violezo vya nta vilivyofinyangwa kwa mkono. Lakini mengine yalitoka katika njugu halisi, mbegu halisi, mbawakawa na kucha za kaa. Fundi alikizunguka kitu kile kwa udongo laini uliochanganywa na vumbi la makaa, akakichoma ndani ya udongo kikawa jivu, kisha akamimina shaba mahali pake.

Huko Ulaya, katika mji wa Nürnberg, Wenzel Jamnitzer, aliyezaliwa 1508 na kufa 1585, alipata sifa kubwa kwa kusubu majani, mijusi na wadudu katika fedha kwa njia hiyo hiyo. Kazi yake ya mwaka 1549, pambo kubwa la kuwekwa mezani likiwa na nyasi na maua membamba ya fedha, imehifadhiwa katika makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam. Tena katika maktaba ya taifa ya Ufaransa mna mswada wa mwisho wa karne ya 16, ulioandikwa na fundi asiyejulikana wa upande wa Toulouse, unaoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kusubu nyoka, mijusi na maua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliujaribu kwa mikono yao katika karakana, nao wakautangaza pamoja na tafsiri mwaka 2020. Waliona kwamba maneno mengi ya mswada ule hayaeleweki mpaka mtu ameshika udongo na kuungua kidole. Maneno hayo mwanaisimu hana budi kuyatia moyoni.

IV. Ilomba na metali ya Nyanda za Juu

Msomaji ataweza kuuliza: Ilomba ina nini na fedha? Ilomba ni kata ya jiji la Mbeya, kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia. Penye karakana za vyuma, maduka ya vipuri na mafundi wa kila namna. Nchi inayoizunguka ni nchi ya metali tangu zamani. Wakinga wa Milima ya Livingstone na Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe; majembe ya Ukinga yalishuka kwa biashara mpaka Unyakyusa. Wafipa, upande wa Rukwa, walijenga matanuri marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivukuto. Kisha ikaja dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya, ambayo tangu miaka ya 1920 iliwavuta watafutaji wengi na kuukuza mji wa Mbeya. Na dhahabu itokayo ardhini haitoki peke yake: karibu daima imo fedha ndani yake, nyingi au kidogo. Mpanda nako palichimbwa risasi iliyochanganyika na fedha, shaba na dhahabu, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960.

Lakini fedha iliyoingia mikononi mwa watu wa kawaida iliingia kama sarafu. Rupia ya Wadachi, iliyotolewa kuanzia 1890, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na sehemu 917 kwa 1,000 zilikuwa fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ilikuwa nyepesi zaidi, na fedha yake ilikuwa sehemu 250 tu kwa 1,000. Ile iliyotolewa tangu 1948 haikuwa na fedha hata kidogo. Sarafu hizi tatu, kwa macho ya mtu asiyejua, zote ni nyeupe, na zote huitwa fedha.

Hapa ndipo niingizapo habari ya nyumbani. Bibi yangu, mzaa mama, aliyekaa Ilomba hata alipofariki, aliacha mkebe wa sarafu za zamani. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mpichi ambao sisi wajukuu tuliupanda na kuushuka utotoni. Mti huo ulikatwa nyumba ilipopanuliwa. Mama alikuwa amelihifadhi kokwa moja la mavuno ya mwisho, nalo likapasuka lenyewe nusu mbili katika kukauka. Akataka nusu moja isubiwe kwa sarafu za mkebe ule, awe na kitu cha kuvaa shingoni. Nikampelekea kijana mmoja, fundi wa fedha na shaba, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa hakuniomba nimtaje.

Alinipokea kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," akazimwaga sarafu mezani na kuzigeuzageuza. Kisha akauliza, "Mwalimu, fedha hizi ni silva kweli?"

V. Kazi yenyewe

Kabla sijalichambua swali hilo, nitaieleza kazi kama nilivyoiona, kwa utaratibu wake.

Kwanza alichagua metali. Alizisugua sarafu kwa tupa na kuzipima. Shilingi alizirudisha mkebeni. Akabakiza rupia tatu. Rupia tatu ni gramu 35, na fedha halisi ndani yake ni gramu 32 hivi. Zilizobaki ni shaba, ambayo huipa fedha ugumu. Mchanganyiko huo u karibu sana na ule upendwao na masonara wa leo, wa sehemu 925 za fedha kwa 1,000.

Pili alipima kama metali itatosha. Hakuipima nusu ile itakayosubiwa, isije ikalowa; aliipima pacha yake, akiizamisha katika kopo jembamba la maji lenye alama. Maji yalipanda kwa ujazo wa sentimita 2 hivi. Kila sentimita moja ya ujazo wa fedha ya namna ile ina uzito upatao gramu 10.3, kwa hiyo pambo litahitaji gramu 21, na gramu 14 zilizosalia zitajaza mifereji na kubaki kama kitako kinywani mwa kalibu. Zilitosha, lakini kwa mara moja tu. Kokwa likishaungua halirudi; na rupia zikiisha kumwagika vibaya zaweza kuyeyushwa tena, lakini hapatakuwa na kitu cha kuzipa umbo. Kwa sababu hiyo alijaribu kwanza kwa shaba ya kawaida na kokwa la pichi lililonunuliwa sokoni.

Si kila kitu chafaa kuwa kiolezo. Chapasa kiungue chote na kuacha jivu kidogo. Nyasi, mianzi na maganda ya mpunga yana mchangamchanga mwingi ndani ya nyuzi zake. Moto hauumalizi, nao hubaki katika kalibu na kuitoboa fedha. Jani jembamba mno metali haiwezi kulijaza. Hupakwa nta upande wa nyuma lipate unene. Kombe na jiwe haviungui kabisa: hivyo hukandamizwa katika mchanga wa kusubia au katika mfupa laini wa ngisi, vikatolewa, ndipo metali ikamiminwa katika alama yao. Hiyo ni kazi nyingine, kwa kuwa kiolezo huokoka.

Tatu, nusu ile ya kokwa ilishikizwa juu ya vijiti vitatu vyembamba vya nta. Vijiti hivyo vitakapoyeyuka vitaacha mifereji ya kupitishia fedha. Ikatiwa katika kopo la bati lisilo na vitako, na uji wa plasta maalumu, yaani plasta iliyochanganywa na unga wa mawe usiohofu moto, ukamiminwa polepole, huku kopo likigongwagongwa ili mapovu yapande. Povu moja likibaki juu ya kiolezo huwa chunusi ya fedha juu ya pambo.

Nne ni kuchoma. Kalibu ilikaa kwanza penye joto dogo kwa muda mrefu, maji yapate kutoka kwa upole. Yakichemka ghafula huipasua. Nta ikatiririka. Kisha moto ukaongezwa kwa saa nyingi hata karibu na digrii 700 za Selsiasi, mpaka kinywa cha kalibu, kilichokuwa cheusi kwa masizi, kikawa cheupe. Kuzidisha moto kupita hapo kuna hatari, kwa kuwa plasta huanza kuvunjika na kutoa salfa, nayo salfa huitia fedha weusi. Mwisho aliipindua kalibu na kupuliza kwa mrija ili jivu litoke.

Tano ni kumwaga, na hapa niliona jambo ambalo sikulitazamia. Fedha huyeyuka kwa digrii 962. Aliiyeyushia katika kinywa chenyewe cha kalibu kwa ndimi za moto wa gesi, akinyunyizia dawa ya kusafishia na kipande cha mkaa juu, maana fedha iliyoyeyuka hunywa hewa ya oksijeni kwa wingi na kuitema ipoapo, ikaacha vitundu. Fedha ikawa kama jicho linalong'aa, lakini haikuingia katika mifereji: mifereji ilikuwa myembamba, na metali iliyoyeyuka hujikusanya kama tone la maji juu ya jani la yungiyungi. Mafundi wenye mitambo huizungusha kalibu kwa kasi ili metali isukumwe ndani. Njia hiyo ilienea baada ya Taggart, tabibu wa meno wa Marekani, kuionyesha dunia mwaka 1907 namna ya kusubu vijazio vya meno. Fundi wetu hakuwa na mtambo. Alikuwa na nusu ya kiazi mviringo, kilichochimbwa kidogo katikati na kuwekwa mwishoni mwa mpini. Aliondoa moto na papo hapo akakikandamiza kiazi juu ya kinywa cha kalibu. Maji ya kiazi yakageuka mvuke kwa kishindo, na mvuke, usipopata pa kutokea, ukaisukuma fedha chini. Kazi ya sekunde moja. Viazi vya Umalila na Uporoto, ambavyo malori huvishusha kila siku, sikupata kujua kama vina kazi hiyo.

Sita, kalibu ilitumbukizwa katika maji ingali na moto, ikasambaratika. Hapo msomaji na azingatie: kiolezo kimeungua na kalibu imevunjika, hakuna tena chochote cha kusubia cha pili. Pambo likakatwa mifereji, likachemshwa katika maji ya ndimu, likasuguliwa kwa msasa. Neno msasa nalo lina historia ya kupendeza, kwa kuwa lilikuwa kwanza jina la mti wenye majani makavu ya kukwaruza kabla halijawa jina la karatasi ya dukani.

Nusu ya fedha na nusu ya kokwa niliziweka pamoja. Mifereji yote ya juu ya kokwa ilikuwamo, hata ufa mdogo pembeni. Nusu ya fedha ilipungua nusu milimita hivi kwa urefu, kwa kuwa metali hunywea ikipoa. Na mahali pamoja, karibu na ncha, palikuwa na kishimo kama tundu la sindano. Nilimwuliza kama atakiziba kwa lehemu. Akasema, "Hapo jivu lililala, Mwalimu. Nikiziba nitakuwa nimemwongopea mama." Nilipompelekea mama, alikitazama kishimo kile kwanza, akakipapasa kwa kidole gumba, na hakuuliza neno.

VI. Maneno

Sasa twaweza kurudi katika swali la fundi. "Fedha hizi ni silva kweli?" Sentensi hii haina kosa. Fedha ni neno tulilolipata kwa Waarabu kama jina la metali; lakini kwa kuwa sarafu zilikuwa za metali hiyo, jina likahamia kwenye thamani, na leo hata noti ya karatasi na hesabu ya benki ni fedha. Katika Nyanda za Juu, ambako neno lilifika pamoja na sarafu na kodi wala si pamoja na mapambo, maana ya pili ndiyo iliyotangulia masikioni mwa watu. Fundi anapotaka metali, husema silva. Wako watakaolilaumu neno hilo kuwa ni uvivu. Mimi naona linafanya kazi halali: linatenganisha vitu viwili ambavyo mfuko wa bibi yangu uliviweka pamoja. Hata hivyo si lazima kuiacha fedha. Wafaransa nao wana neno moja kwa metali na kwa pesa, wala masonara wao hawapotei njia. Katika maandishi ya kitaalamu yatosha kuandika "metali ya fedha" pale tu penye shaka, na kuacha muktadha utende kazi yake mahali pengine.

Kusubu ni neno lililolala, lakini si lililokufa. Nilipolitaja, fundi hakulijua kama neno la kazi yake. Yeye husema "kumwaga". Lakini mama yangu alilijua mara moja, kwa kuwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamelizoea katika habari za sanamu za kusubu na za kuchonga. Katika nchi ambayo Wamoravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, neno la mafundi wa pwani limekaa kanisani likingoja karakana. Twaweza kulirudisha pasipo kutunga kitu kipya.

Kalibu ina shida ya namna nyingine. Kinyakyusa hakina tofauti ya l na r, na wengi walioanza na lugha ya namna hiyo hulitamka kalibu na karibu sawasawa. Nilipomwambia fundi "kalibu", aliitika "ahsante" na kunivutia kigoda. Mkanganyo huo wachekesha, lakini haudumu; neno likitumiwa na sifa yake, kama "kalibu ya plasta" au "kalibu ya mchanga", hapana asikiaye vibaya.

Kwa kile kitu kinachoungua, napendekeza kiolezo, neno la Kibantu lililomo katika kamusi zetu kwa maana ya mfano wa kuigizia. Kwa njia za metali, mfereji; kwa tundu la hewa, tundu la kupumulia; kwa fedha inayobaki juu, kitako. Maneno haya yote fundi aliyaelewa bila kuelezwa, na kitako ni lake mwenyewe.

Imebaki "nta iliyopotea". Nilimweleza kwamba sisi wasomi huiita kazi yake kwa jina hilo. Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Lakini Mwalimu, nta haikupotea. Najua ilikokwenda, imetoka kwa mdomo huu hapa, na nimeikinga kwenye sahani." Akanionyesha sahani. Akaongeza, "Tena la mama halikuwa la nta."

Hoja zake ni mbili na zote ni nzito. Ya kwanza ni ya maana: katika Kiswahili kitu kilichopotea ni kile ambacho mwenyewe hajui kilipo, na ambacho huenda akakiona tena. Nta ya fundi haina sifa hiyo. Katika lugha niliyoifuata neno lile huchukua pia maana ya kuangamia kwa ajili ya jambo fulani; katika yetu halichukui. Mimi nilitafsiri neno, sikutafsiri tendo. Hoja ya pili ni ya upana: jina linalotaja nta haliwezi kuhusu kokwa, mbegu wala mbawakawa. Kama orodha yangu ingefuatwa, mawe ya mizani ya Waakan yangeelezwa shuleni kuwa ni kazi ya nta hata yale ambayo hayakuiona nta ila kidogo mferejini.

Napendekeza basi jina moja la jumla, kusubu kwa kiolezo cha kuungua, na chini yake namna mbili: kwa kiolezo cha nta na kwa kiolezo cha asili. Kusubu kwa mchanga au kwa mfupa wa ngisi kutaitwa kusubu kwa kiolezo cha kutolewa, kwa kuwa huko kiolezo hubaki. Mgawanyo huu wafuata kile kinachotendeka karakanani, na mwanafunzi aweza kuukisia hata kabla hajafundishwa.

VII. Kumaliza

Taasisi za lugha zimefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na hakuna atakayedai kwamba kila neno lingoje fundi wa kulikubali. Lakini kwa kazi za mikono fundi ni shahidi wa kwanza. Yeye huijua tofauti ambayo neno linapaswa kuibeba, hata asipokuwa na neno lenyewe. Na sisi mara nyingi tuna neno, bali tofauti hatuijui. Mafundi wa namna hii hujifunza kwa kutazama, na wakiacha kazi huondoka na msamiati wao kama kiolezo kinavyoondoka katika kalibu, ila hapa hapana fedha inayomiminwa mahali pake.

Nimeliondoa neno langu katika orodha kwa kadiri nilivyoweza, na kwa makala hii naliondoa hadharani. Wasomaji walio karibu na wafua fedha wa Lamu, Unguja, Pemba, Mombasa na Maskati, au na mafundi wa bara, wanaombwa kumwandikia Mhariri maneno watakayoyasikia kwa kusubu, kalibu, kiolezo, mfereji na kitako, pamoja na jina la mahali na namna neno lilivyotumika. Nusu ya kokwa iliyobaki ninayo mezani, na atakayetaka kuilinganisha na maelezo haya anakaribishwa.